Kiatu Chepesi kwa Mguu Wenye Historia

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mwaka huu uliopita nimeisikia methali hii karibu kila nilipoanzisha mazungumzo ya viatu vya kupandia milima. Wenzangu ofisini wananitania: mtu anakwenda kwao Lushoto kumwona bibi yake, halafu anachagua kiatu miezi mitatu kama anachagua mchumba? Mbona wapagazi wa Kilimanjaro wanabeba mizigo hadi kambi za juu wakiwa na raba zilizokwisha soli? Na bibi mwenyewe amepanda na kushuka mteremko ule maisha yake yote, kwanza pekupeku, baadaye kwa katambuga za tairi, siku hizi kwa yeboyebo.

Sina ugomvi na methali. Ila naona ilitungwa kwa ajili ya mkulima mwenye mikono mizima. Mpe jembe mtu aliyewahi kuvunjika kiganja uone atakavyolipima uzito, atakavyougeuzageuza mpini, atakavyouliza kama kuna jingine. Huyo si mvivu. Anajua kitu ambacho mwenye mikono mizima hajawahi kulazimika kukijua.

Mimi miguu yangu miwili ina historia mbili tofauti. Wa kushoto umeteguka kifundo mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuoni, tukiwa matembezini, jiwe likabiringika chini ya unyayo. Mara ya pili ilikuwa kwenye ngazi za jengo lililokatika umeme. Ya tatu nilikuwa nashuka kwenye daladala iliyosimama ukingoni mwa mtaro. Kila mara mguu ulikunjika kwa namna ileile: unyayo ukageukia ndani, na kano za upande wa nje, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, zikavutika kupita kiasi. Wa kulia haujawahi kuteguka. Lakini miaka minne iliyopita, nikiwa kazini kwenye mkutano wa hadhara, chuma cha jukwaa kiliuangukia na kuvunja mifupa miwili kati ya ile mitano mirefu inayoelekea vidoleni. Nikakaa na plasta wiki sita. Mfupa uliunga vizuri, ila hadi leo nikikanyaga jiwe lenye ncha, mguu unanikumbusha tarehe.

Kwa maisha ya Dar es Salaam ningeweza kuyazoea haya. Lami ipo, bajaji ipo, lifti zipo. Shida yangu ni kwamba bibi yangu anaishi mahali ambapo gari halifiki. Ukishatoka Mombo na kupanda zile kona hadi Lushoto, unachukua gari dogo jingine, na linapoishia ndipo safari yenyewe inapoanza: saa moja na nusu ya kushuka bondeni katikati ya mashamba ya kabichi na karoti, kuvuka kijito kwa mawe, kisha kupanda upande wa pili. Bodaboda hushusha abiria pale juu, kwa sababu mteremko ule hata dereva mwenyewe hauamini. Udongo ni mwekundu, na masika ukilowa huteleza kama sabuni. Bibi amepita miaka themanini na hawezi tena kupanda hadi barabarani. Kwa hiyo ama mimi nishuke, ama tusionane. Baada ya plasta kutolewa nilikaa karibu miaka miwili nikiongea naye kwa simu ya jirani tu.

Hivyo ninapoandika kuhusu viatu, naomba msomaji usidhani naandika kuhusu mapambo ya wapenda milima.

Ukimwambia mtu yeyote kwamba umewahi kuteguka, ushauri wa kwanza atakaokupa ni mmoja: vaa buti ndefu, ishike kifundo. Na unaingia akilini kabisa. Kaka yangu alifikiri hivyohivyo, akaniletea zawadi ya buti za ngozi zinazopanda hadi juu ya kifundo, imara, za kuvutia. Nilizipenda. Nilizipeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekuwa ananifanyisha mazoezi, nikitarajia pongezi. Akazishika, akazikunja, akaniuliza:

“Dada, unataka kiatu kifanye kazi ya kifundo, au kifundo kifanye kazi yake?”

Nikamwambia, “Daktari, kifundo changu kimeshindwa kazi yake mara tatu.”

Akacheka, kisha akanieleza jambo ambalo lilibadilisha namna ninavyofikiri. Kano hazishikilii mifupa tu. Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa: mguu umelala kiasi gani, ardhi imeinama upande gani, uzito umehamia wapi. Misuli ya upande wa nje wa mguu hupokea taarifa hiyo na kujikaza kabla unyayo haujageuka. Kano ikishavutika mara kadhaa, inaweza kupona maumivu lakini taarifa zikabaki zinachelewa. Mimi ni mwandishi wa habari, nikamwelewa mara moja. Habari ya ajali ikifika baada ya ajali, haimsaidii aliyekuwa barabarani.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haikuwa kiatu. Ilikuwa kusimama kwa mguu mmoja. Asubuhi nikipiga mswaki, nasimama kwa mguu wa kushoto, kwanza macho wazi, baadaye macho yamefumbwa, baadaye juu ya mto wa kulalia. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini mazoezi ya mizania ni miongoni mwa mambo machache yaliyothibitika kupunguza kuteguka tena kwa mtu aliyekwishateguka. Na kiatu kinachofuata, alisema, kisiizibe ile taarifa inayojitahidi kurudi.

Nikaenda kusoma, kama ilivyo kazi yetu. Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani kwa wachezaji wa mpira wa kikapu wa vyuoni zaidi ya 600, waliogawiwa viatu virefu na vifupi. Haukuona uhusiano wa maana kati ya urefu wa kiatu na kuteguka kifundo. Mwaka 2011 ukatoka mwingine, huu kwa wachezaji wa sekondari, ambao nusu yao walivaa bendi ya kifundo yenye kufungwa kwa kamba ndani ya viatu vya kawaida. Waliovaa bendi waliumia vifundo mara chache zaidi. Najua uwanja wa kikapu si mteremko wa Usambara. Lakini nilichokiona ni kwamba kama nahitaji msaada wa kushikwa, bendi ndogo inayoingia mfukoni inaweza kunipa, na naweza kuivua mahali pa tambarare. Shingo ya buti siwezi kuivua.

Kisha kuna uzito. Siku moja nilipita kwa mama anayeuza nyanya mtaani kwetu nikamwomba mizani. Buti za kaka: gramu 1,300 kwa jozi. Raba za njia za mlimani alizoniazima rafiki yangu: gramu 600. Tofauti ni gramu 700, yaani 350 kwa kila mguu, uzito wa nyanya tatu za wastani. Mama yule akaniuliza, “Sasa mwanangu, nyanya tatu ndiyo zikushinde?”

Tukapiga hesabu pamoja. Siku ya kutembea milimani mtu anaweza kupiga hatua 10,000 bila shida. Kila mguu unanyanyuka mara 5,000. Mara gramu 350, ni kilo 1,750. Tani moja na robo tatu kwa kila mguu, kwa siku moja. Mama akasema, “Basi hizo si nyanya tatu, hiyo ni fuso.” Na wanaochunguza mwendo wa binadamu wamejua kwa miongo mingi kwamba uzito ulio mguuni unagharimu nguvu mara kadhaa ya uzito huohuo ukiwa mgongoni, kwa sababu wayo hauchukuliwi tu, unarushwa mbele na kusimamishwa katika kila hatua. Mwisho wa siku mguu uliochoka haunyanyuki vizuri. Unakwaa mizizi. Kwa mguu wangu wa kushoto, uchovu ndio hatari yenyewe.

Mpaka hapo ningeweza kununua raba nyepesi kuliko zote na kuondoka. Kilichonichelewesha ni mguu wa kulia.

Mguu wa kushoto unataka soli fupi kwenda juu, ili uwe karibu na ardhi. Soli nene yenye sponji nyingi ni sawa na kusimama juu ya matofali: kikipinda kidogo, kinapinda kwa nguvu zaidi, kwa sababu kifundo kimepandishwa mbali na ardhi. Unataka pia soli pana, na iliyo laini kiasi cha kuhisi jiwe kabla ya kulikanyaga lote. Mguu wa kulia unataka kinyume. Ile mifupa iliyovunjika haitaki kuhisi jiwe hata kidogo. Inataka soli ngumu isiyokunjika sana mbele, na kitu cha kuizuia ncha ya changarawe isipenye. Na hakuna duka linalouza kiatu cha kushoto cha aina moja na cha kulia cha aina nyingine.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba swali la “kiatu gani ni kizuri” halina jibu. Lenye jibu ni swali la nani anauliza, na aliumia wapi. Aliyeteguka kifundo na aliyevunjika wayo wote huambiwa tu “ana matatizo ya miguu”, wakati wakiingia dukani pamoja wanapaswa kutoka na viatu tofauti. Mimi ni hao wote wawili kwa pamoja, kwa hiyo ilibidi nitafute mapatano.

Nilitafutia Karume, kwenye mitumba, kwa sababu mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua. Muuzaji wangu ni kijana mcheshi ambaye kila kiatu kwake ni orijino. “Sista, hiki kimetoka Ulaya jana.” Mtumba una faida yake: unaweza kushika jozi ishirini za aina ishirini asubuhi moja, jambo ambalo duka la vioo halikupi. Lakini kiatu cha mtumba kina kumbukumbu ya mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikiwa kimelala upande mmoja, kiache, hata kama kashata za soli bado nzima. Aliyekivaa kabla yako alikuwa anakanyagia upande huo, na kitakufundisha wewe vilevile. Kwa kifundo kilichoteguka, kiatu kilicholala upande wa nje ni mwaliko wa kuteguka mara ya nne. Kisha bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa imekauka na ina mikunjo mingi ya pembeni, haina tena kazi.

Mengine nilijifunza kwa kujaribu. Nenda jioni, maana miguu huvimba mchana kutwa, na mlimani huvimba zaidi. Nenda na soksi utakazozivaa safarini. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paenee upana wa kidole gumba, la sivyo mteremko utakula kucha zako. Kwangu vidole vipate nafasi ya kutanuka, kwa sababu mifupa yangu ya wayo haipendi kubanwa kutoka pembeni. Kisigino kishikwe. Kiatu chepesi kinachoachia kisigino ni kibaya kuliko buti zito linaloshika. Kishike kiatu mbele na nyuma ukisokote kama unakamua nguo: kikisokotwa chote kama tambara, kitanisaliti kwenye njia iliyoinama. Kikunje mbele: kinapaswa kukunjika penye vidole, si katikati ya wayo. Halafu uliza kama kuna ngazi au njia ya mteremko karibu. Sokoni wote tunajaribu viatu kwa kutembea tambarare juu ya boksi lililokunjuliwa, ilhali tunavinunua kwa ajili ya kushuka.

Jozi niliyoichukua iliniondoa shilingi elfu 65 baada ya kuombana sana. Ni raba fupi za njia za milimani, gramu 580. Soli yake si nene, lakini mbele ndani yake mna bamba jembamba la plastiki ngumu linalozuia mawe. Hilo bamba ndilo mapatano yenyewe. Kwa kulia niliongeza soli ya ndani iliyo ngumu zaidi, aliyonikatia fundi viatu. Kwa kushoto nimeacha kama ilivyo. Ukizitazama kwa nje ni jozi moja, ila ndani kila mguu una chake. Kamba nazifunga kwa kutumia lile tundu la mwisho kabisa la juu, ambalo watu wengi huliacha tupu: unapitisha kamba kutengeneza kitanzi kila upande, unazipitisha kamba kwenye vitanzi vya pili yake, ndipo unakaza. Kisigino hakichomoki hata ukishuka.

Sikuvipeleka moja kwa moja kwa bibi. Jumamosi moja nilipanda treni ya SGR asubuhi hadi Morogoro, nikapanda njia ya Morningside, kwenye milima ya Uluguru, hadi lile jengo la zamani la Wajerumani. Kupanda hakukunipa wasiwasi. Kushuka nilikwenda polepole, nikiwa na fimbo, nimevaa bendi mguu wa kushoto. Mahali pamoja changarawe ilisogea na kifundo kikaanza safari yake ya zamani. Kikajirudisha. Nilisimama pale muda mrefu, akina mama wanaoteremsha ndizi sokoni wakanipita wakiniuliza kama nimeishiwa maji.

Wapo watakaokwambia mambo makubwa kuhusu viatu vyepesi. Watakutajia Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli. Lakini mwaka 1964 kule Tokyo alivaa viatu, na akashinda tena. Watakutajia Emma Gatewood, Mmarekani ambaye mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alitembea njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za kitambaa. Nalo ni kweli, na nalipenda sana, hasa umri wake. Ila sioni kama mifano hii inafundisha kwamba buti ni upuuzi. Bikila alishinda kwa njia zote mbili, na Bi Gatewood alikuwa mwanamke wa shamba aliyezoea kutembea kabla hajaianza njia ile. Miguu yao ilikuwa tayari.

Na mimi buti za kaka sijazigawa. Raba yenye matundu inakauka haraka ukivuka kijito, na hilo kwa Usambara ni neema, kwa sababu maji yakiingia kwa juu kwenye buti lisilopitisha maji hayatoki tena. Lakini raba hiyohiyo usiku wa kuelekea kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kwenye baridi ya chini ya sifuri, ni njia ya kupoteza vidole. Ukibeba mzigo mzito siku kadhaa, habari ni nyingine pia. Na hao wapagazi wanaotolewa mfano kila mara, sijawahi kukutana na hata mmoja aliyeniambia kwamba anavaa raba iliyochoka kwa kupenda. Niliowauliza wote walijibu kwamba wangekuwa na hela wangenunua nzuri. Kuvumilia kiatu kibaya si ushahidi kwamba kiatu hakina maana.

Mwezi wa nane, kiangazi, nilishuka kwetu. Saa moja na nusu ikawa saa mbili na dakika kumi, kwa sababu sikutaka kumshindana mtu. Binamu yangu alinipokea begi, akanitangulia kwa ndala, akiimba. Kijito nilikivuka kwa kukanyaga ndani ya maji badala ya kurukia mawe, nikaendelea na soksi zilizolowa. Bibi alikuwa amekaa kibarazani akichambua maharage. Nilipomwamkia aliitika marahaba ndefu, kisha akaangalia miguuni kwanza kabla ya usoni.

“Ndivyo hivyo ulivyovisema kwenye simu?”

“Ndivyo, bibi.”

Akaomba kimoja. Nikamvulia cha kulia. Akakipima kwa kiganja, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye soli, akaingiza mkono ndani hadi mwisho. Nikamweleza habari ya bamba na soli ya fundi. Akasema kwamba marehemu babu alikuwa na mguu mmoja mfupi kidogo baada ya kuanguka kwenye mti, na kila alipokwenda kwa mtengeneza katambuga alikuwa anataka ya kushoto iongezwe tabaka moja la tairi. Watu walimcheka sokoni. Sikuwahi kuisikia habari hiyo katika maisha yangu yote.

Nilikaa siku nne. Kila asubuhi nilisimama kwa mguu mmoja uani nikipiga mswaki, watoto wa jirani wakinihesabia kwa Kisambaa, wakicheka nikiyumba. Siku ya tatu walifika arobaini. Mvua za vuli zikipita nitashuka tena, na safari hii nina oda: bibi ameniambia namba ya mguu wake.